Maadui wa Kabula

Kuni ziliisha tukiwa bado katikati ya msiba wa Baba. Wanawake wa jikoni walikuwa wanazitia motoni bila huruma, kama watu wasiojua kwamba kijiji chetu hakina mti wa kukata, na maharage ya mchana yalipogoma kuiva wakaanza kutazamana. Ndipo mwanamke mmoja akainuka, akazunguka nyuma ya zizi, akarudi na karai limejaa vinyesi vya ng'ombe vilivyokauka. Akavipanga kati ya mafiga, akainama, akapuliza. Moshi ukaja hadi kwenye mkeka nilipokuwa nimekaa na wafiwa wenzangu. Weee! Harufu ile ilinipiga puani nikasahau kabisa kwamba niko msibani.

Ninyi mliokulia huku kwetu Shinyanga mnaijua. Ni ya nyasi zilizoungua, lakini ina uchachu ndani yake, na ikishaingia kwenye khanga haitoki hata ufue kwa sabuni ya aina gani. Siku hizi mimi nakaa Kahama, napikia gesi, na nilidhani nimeisahau.

Aliyekuwa anapuliza moto ule alikuwa Kabula. Sikuwa nimemtia machoni tangu tukiwa watoto wa mafundisho ya Komunyo, lakini nilimjua kwa namna alivyoinama, mgongo umenyooka kama anayeonyesha watu. Moto ulimwitikia mara moja. Na mimi, mtu mzima na nusu, nimefiwa na baba yangu mzazi, roho ikaniuma kwamba umemwitikia yeye. Ndiyo nikajua kwamba bado. Miaka yote ile, na bado namwonea wivu Kabula.

Nianze na jina langu, maana bila hilo hamtanielewa. Naitwa Minza, na hilo ni jina la bibi yangu, mama yake Baba. Kwa Wasukuma, mtoto aliyebeba jina la mama yako humwiti hivihivi kama mtoto mwingine. Baba aliniita mayu, yaani mama. "Mayu, umekula?" "Mayu, naomba ruhusa niende kilabuni mara moja." Nami nikimkatalia, anakaa! Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Ndugu zangu walikuwa na majina yao, mimi nilikuwa na heshima yangu, na nilitembea nayo kijijini kifua mbele.

Na kusoma nilikuwa najua. Kwenye mafundisho, Katekista Gervas alikuwa akisimama mbele yetu ndani ya kigango, kanisa dogo la kijiji chetu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, akisoma anatema mate hadi waliokaa mbele wanajifuta. Akichoka alikuwa ananiita mimi. "Minza, endelea." Naendelea. Hakuna mwingine aliyeitwa. Kengele ya kigango ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, na kila ilipogongwa nilijiona kama naitwa peke yangu.

Halafu akaja Kabula. Mama yake alikuwa ameolewa upya huko Kahama, akamleta mtoto kwa bibi yake. Huyo bibi, Bibi Holo, alikuwa jirani yetu wa upande wa machweo, mjane, nyumba yake ya nyasi imekaa peke yake kama iliyosahauliwa na wenzake. Watoto tulimpenda kwa sababu ya michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, alivyovichemsha na karanga tukala tukiwa tumemzunguka. Macho yake yalikuwa mekundu, mekundu kweli. Hakuwa na mtu wa kumtafutia kuni, kwa hiyo maisha yake yote alipikia vinyesi vya ng'ombe, na moshi ule hauna adabu. Wanawake wote wa kijiji macho yao yalikuwa yanaelekea huko, tofauti ni kwamba yeye alikuwa amewatangulia.

Wiki ya kwanza tu Kabula alisoma. Mama yangu! Hakusoma kwa kukimbia kama mimi. Alisoma kama mtu anayekuhadithia jambo lililompata jana. Katekista Gervas alisahau kutema mate. Kuanzia hapo ikawa, "Minza anza, Kabula malizia," na kila mtu anajua utamu uko mwishoni. Nilirudi nyumbani nikala ugali bila kuuhisi. Nilimchukia hadi viatu vyake, na viatu vyenyewe hakuwa navyo.

Siku tuliyofika kwenye ile zaburi, nakumbuka upepo ulikuwa unapiga mabati. Ni ile isemayo kwamba mwovu hatulii, anampangia mabaya mwenye haki, na akimwona anamsagia meno. Katekista akauliza, "Sasa niambieni, mwovu anamchukia mwenye haki kwa sababu gani?"

Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. "Kwa sababu mwenye haki amemkosea."

Darasa likacheka. Katekista akamgeukia Kabula.

"Hana sababu," Kabula akasema, taratibu, anachora chini kwa kidole cha mguu. "Anaamka tu asubuhi, anamchukia."

Katekista Gervas alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kabula ameielewa," akasema. "Na ninyi wengine mkae mkijua, mwenye haki hakosi maadui. Ukiona huna adui hata mmoja, jiulize."

Loo! Nilijiuliza njia nzima. Nilihesabu kijiji chote, nyumba kwa nyumba, sikupata mtu anayenichukia. Wote walikuwa wananiitikia salamu, wengine wananipa na karanga. Ina maana basi mimi si mwenye haki? Na Kabula je, yeye ana maadui, ndiyo maana anasoma vile? Kichwani mwangu mambo yalijipanga vizuri kabisa: Mungu anawajua watu wake kwa maadui wao, Kabula anao, mimi sina, na Komunyo inakaribia.

Nilimbana lamboni tukiteka maji. Nilimuuliza kama kweli ana maadui. Akanitazama kama anayepima kama namtania, kisha akasema kwamba asubuhi walikuta kuku wao wote wamenyongwa, wamepangwa mlangoni mmoja mmoja, na bibi yake amewafukia.

Wote! Wamepangwa! Nilihisi kijicho kikinipanda kutoka tumboni. Sisi kwetu hata kifaranga hakikuwa kimenyongwa.

"Una bahati wewe," nikamwambia.

"Bahati ya nini?"

"Ya maadui."

Kabula akatua ndoo. "Unawataka?"

"Nawataka."

"Chukua. Chukua wote. Na kuku waliowanyonga chukua."

Akajitwika ndoo yake akaondoka, mgongo umenyooka vilevile. Nilidhani ananidharau, kwa vile anajua fika maadui wa mtu hawahamishiki. Nililia kwa hasira pale lamboni hadi ng'ombe wa watu wakaja kunywa.

Nikaamua kujitafutia wangu. Niliona nianze na Mzee Athumani mwenye duka, kwa kuwa hakuwa wa kigango chetu, alikuwa Mwislamu, babu zake walitoka pwani, na nilidhani wasiokuja kigangoni ndio maadui wenyewe. Nilijua pia kwamba mwenye haki husema ukweli bila kuogopa. Nikasimama mbele ya duka, watu wakiwa wamejaa, nikapaza sauti: "Mzee Athumani, sukari yako ina mchanga!"

Mzee akachota sukari kwa vidole, akaitia mdomoni, akatafuna akiangalia juu. Nilisubiri chuki ije.

"Wallahi ina mchanga," akasema. "Upepo wenu huu wa Shinyanga, mjukuu wangu, utatufungia duka." Akanipa pipi mbili, moja yangu na moja ya mdogo wangu, na watu wakanisifu kwa ujasiri. Nilikula zote mbili nikiwa na uchungu.

Jioni Mama alinikuta nalia jikoni akadhani nimeungua. Nilipomweleza shida yangu alishika kiuno. "Toba! Mtoto analilia maadui? Wenzako wanalilia viatu!" Akacheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa kona ya khanga, na macho yake yakabaki mekundu kama kawaida. Wakati ule hilo halikuwa na maana yoyote kwangu.

Kisha Baba akarudi. Kila mwaka pamba ikishauzwa alikuwa anakwenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, na mvua zikikaribia anarudi kulima. Miaka mingine alirudi na kitu, kitenge cha Mama, baiskeli, mara moja redio. Safari hii alirudi mikono mitupu na mashavu yamebonyea, vumbi jekundu la kule bado limo masikioni. Hata hivyo alipiga goti mlangoni, akafungua mikono. "Mayu! Mbona umerefuka bila ruhusa yangu?" Nikamrukia shingoni. Kwa wiki nzima nilisahau kabisa habari za Kabula.

Lakini Baba hakuwa sawa. Alikuwa anaongea jambo lile lile kama redio iliyokwama. Duara lao, ndivyo wanavyoliita shimo la dhahabu, halikutoa kitu. Na duara la jirani, hapo hapo pembeni, mtu anaweza kurusha jiwe akalifikia, lilitoa. "Tunasikia wanavyoshangilia chini ya ardhi," alikuwa anamwambia Mama. "Tunawasikia kabisa. Sisi tunapandisha udongo, wao wanapandisha mawe yanang'aa. Mwamba ni ule ule, Mama Minza! Ni ule ule!" Anapolisema hilo uso wake ulikuwa unabadilika, na mimi nilimwelewa kuliko alivyofikiri. Nilikuwa na Kabula, na yeye alikuwa na duara la jirani.

Siku moja nilikuwa namnawisha mikono kabla ya chakula. Akasema, bila kumtazama Mama, kwamba njiani alipitia kwa mganga, nje kidogo ya Kahama.

"Kaniambia bahati yangu imefungwa huku nyumbani. Ni mwanamke mzee. Macho mekundu. Anakaa upande jua linapozama."

Mama alikuwa anapakua ugali. Mwiko ulisimama hewani. "Baba Minza, hapa kuna mwanamke gani asiye na macho mekundu?"

"Nimesema mzee."

"Na mimi nikizeeka?"

Baba alimega tonge, akalirudisha. Upande wa machweo wa nyumba yetu kulikuwa na nyumba moja tu.

Kuanzia kesho yake Mama alinunua mkaa, yeye aliyekuwa akisema mkaa ni kwa watu wa mjini. Na kila mara kabla ya kutoka nje alikuwa anainamia beseni la maji baridi, anaosha macho yake, anayaosha, anayaosha, kisha ananiuliza, "Yakoje?" Nilidhani ni urembo. Nilimwambia yamependeza.

Basi maneno yakapita kilabuni, yakapita lamboni, na haukupita muda Bibi Holo akatengwa. Mnajua kutengwa kwa kijiji chetu. Hakuna anayekuamkia wala kuitikia salamu yako. Hupewi kaa la moto, huuziwi chumvi, ukifika lamboni wengine wanainua ndoo zao wanaondoka. Na anayevunja, akakusalimia hata kwa bahati mbaya, anatozwa mbuzi, na mbuzi huyo wanaume wanamla siku hiyo hiyo.

Huruma sikuwa nayo. Nilijaa wivu hadi pomoni. Kabula alikuwa anapita kijijini mchana kweupe na watu wanampisha! Vinywa vinafungwa, vichwa vinageuka, watoto wanaitwa ndani. Nani aliwahi kunipisha mimi? Katekista Gervas peke yake ndiye aliyekuwa akiongea naye, tena kwa sauti ya chini, kwa heshima, na alikuwa amemchagua asome ile zaburi kwenye ibada ya Jumapili, mbele ya kigango kizima. Zaburi ile ile! Mimi nilipewa kukusanya vitabu vya nyimbo.

Nilichobaki nacho ni kutaka kuwaona hao waovu. Kama siwezi kuwa nao, angalau niwaone. Nilijua watakuwa na alama, maandiko yenyewe yameitaja: wanasaga meno. Nikaanza kuwakazia macho watu midomoni. Mama mmoja lamboni akaniuliza kama ana mchicha kwenye meno. Nilisikiliza wanywaji wa kilabuni, nilimsikiliza Mzee Athumani akihesabu sabuni. Hakuna. Kijiji kizima kilikuwa na meno yaliyotulia.

Jumapili ikafika. Nilikataa kukaa mbele na wenzangu wa mafundisho, nikaenda kujibanza kwenye benchi la wanaume, kwa Baba. Alinivuta ubavuni. "Njoo hapa, mayu." Alinukia sabuni ya kipande aliyoogea, na mkono wake ulikuwa mzito na wa moto begani kwangu. Bibi Holo alikuwa amekaa benchi la upande wa pili, peke yake, benchi zima limebaki wazi huku na huku.

Kabula akasimama. Nilimwombea akosee, kwa moyo wote nilimwombea. Hakukosea hata nukta. Sauti yake ilikwenda polepole, ikafika pale pa mwovu na mwenye haki, na ndipo niliposikia kitu karibu na sikio langu.

Krrr. Kimya. Krrr.

Kama jiwe la kusagia mtama likizungushwa tupu. Nilidhani kuna mtu anatafuna karanga kanisani, nikataka hata kucheka. Nikageuza kichwa. Taya la Baba lilikuwa linakwenda. Mshipa wa pembeni mwa jicho umesimama. Hakuwa anamtazama Kabula. Alikuwa anamtazama Bibi Holo, na mkono wake bado uko begani kwangu.

Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Nilitaka nimtie vidole mdomoni nimzuie. Nilitazama benchi letu kuanzia mwanzo hadi mwisho nikitafuta mtu mwingine, yeyote yule, wa kumpa sauti ile. Hapakuwa na mwingine. Nilikuwa nimewangoja waovu wenye sura zao, watu wa mbali, labda wa maandiko tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kunifungulia mikono mlangoni na kuniita mama yake, halafu akawa ndiye. Sasa niliielewa zaburi ile, na niliichukia.

Ibada ilipokwisha watu walitoka wakasimama uani pande mbili, wakaacha njia katikati. Kila mtu alijua njia ile ni ya nani. Bibi Holo akatoka ameshika fimbo yake, Kabula ubavuni kwake, na wakaanza kupita katikati ya kimya kile. Baba alikuwa amenishika mkono.

Nasema kweli, halikuwa wema. Ndani yangu mlikuwa na hofu ya meno yale, na mlikuwa na wivu pia, wivu wangu ule ule, kwamba hata sasa Kabula anapita kama bibi harusi na mimi nimesimama na watazamaji. Vyote viwili vikanisukuma pamoja. Nikajichomoa mkononi mwa Baba, nikaenda katikati ya njia, nikapiga magoti vumbini kama tulivyofundishwa kuwaamkia wakubwa.

"Shikamoo, Bibi."

Bibi Holo alisimama. Midomo yake ilihangaika, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali siku nyingi. Macho yake yakajaa maji.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, ng'wana wane. Mwanangu."

Kabula alinitazama tu, kisha akamshika bibi yake mkono wakaendelea na njia.

Baba alikuja akaninyanyua. Hakunipiga. Nilimtazama usoni nikitafuta macho yake, na yeye akayapeleka mbali, kule barabarani.

"Twende, Minza," akasema.

Minza. Tangu nizaliwe hakuwa ameniita hivyo. Nilidhani amekosea, nikangoja asahihishe. Nilingoja njia nzima hadi nyumbani. Jioni wakaja wanaume kuchukua mbuzi wa faini, na Baba mwenyewe alikwenda zizini akamtoa, akawapa kamba, akarudi kukaa kwenye kigoda chake bila kwenda kula nao.

Siku chache baadaye Bibi Holo na Kabula walipakia masufuria na magodoro yao kwenye mkokoteni wa ng'ombe wakahamia Kahama kwa mama yake Kabula. Hakuna aliyewaaga. Lakini asubuhi ile Mama alitoka nje bila kunawa. Alisimama mlangoni kwetu, macho yake mekundu yote yakiwa wazi kwa kila anayepita, akawatazama hadi vumbi la mkokoteni likatua.

Baba alirudi Nyarugusu baada ya kilimo, na mwaka uliofuata, na mwingine. Hakuna dhahabu ya maana aliyoipata. Alinisomesha. Alisimama kwenye harusi yangu. Alikula chakula changu akakisifu. Lakini mayu hakuniita tena, hata siku moja, na nikimtazama machoni anahama. Nilikomaa nikijua kwamba ananichukia kwa siku ile. Kuna nyakati nilijicheka, kicheko kibaya. Nilikuwa nimelilia adui hadi Mungu akanisikia, akanipa Baba.

Sasa turudi msibani. Maharage yaliiva kwa moto wa Kabula. Alinipakulia sahani, akaja kukaa mkekani karibu yangu, macho yake mekundu kwa moshi, palepale walipomfukuzia bibi yake kwa macho kama hayo. Watu waliendelea kula. Aliniambia anafanya biashara ya mpunga Kahama. Tulikuwa tunakaa mji mmoja miaka yote hiyo! Aliniambia Bibi Holo aliishi sana, akafa kwa uzee, kitandani kwake.

"Baba yako alikuja kwangu," akasema. "Mavuno yaliyopita."

Niliweka sahani chini. "Baba? Kwako?"

"Alikuja na kuku. Tetea na jogoo, amewafunga miguu. Alisimama mlangoni hataki kukaa. Akasema ni fidia ya wale wa Bibi walionyongwa, hata kama yeye siku ile alikuwa bado Nyarugusu." Kabula akanisogelea zaidi. "Minza, jambo lilikuwa limeshapangwa. Lilikuwa liwe Jumapili ile ile, jua likishazama. Mapanga yalikuwa yamenolewa. Wenzake walikuwa wanamngoja yeye tu, kwa kuwa dai lilikuwa lake."

Nilimshika mkono, naye akaendelea.

"Akasema alipokuona umepiga magoti mbele ya Bibi, alimwona mama yake mwenyewe amepiga magoti kumwombea mtu. Akawaambia wenzake hawezi tena. Wakamcheka, wakamla mbuzi, wakaachana na lile jambo. Na tangu hapo, akasema, kila akitaka kukuita, anaona aibu. Ulimi unakataa. Anasema, nitamwitaje mayu, naye aliniona?"

Kumbe. Kumbe hakuwa adui. Sikuwahi kuwa na adui hata mmoja, mimi, tangu mwanzo hadi leo. Mtu aliyekuwa akihamisha macho yake mezani kwangu alikuwa anaogopa tu kwamba nitayaona.

Na mngedhani hapo ningeshukuru. Nilimtazama Kabula, mikono yake ina majivu, na roho iliniuma kuliko ilivyowahi kuniuma lamboni au kigangoni. Baba alibeba kuku, akapanda basi, akaenda kusimama mlangoni kwake. Mlango wangu ulikuwa mtaa wa pili tu. Neno langu, nililolingoja tangu nikiwa na magoti ya vumbi, alilitoa kwa Kabula, na Kabula ndiye aliyelisikia kwa masikio yake.

"Alisema mayu?" nikamuuliza. "Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Hakusema Minza?"

"Hakusema Minza hata mara moja."

Moshi ulitugeukia, tukafumba macho wote wawili.

"Sema tena alivyosema," nikamwambia.